Mwandani Asiye na Mikono

Twaiba Mwinga wa Mwabungo alikuwa mtu wa dharau, na hakujisumbua kuificha. Alimdharau fundi aliyempachikia mlango uliokwaruza sakafu. Aliudharau wali wa arusi uliopikwa na watu wa kukodiwa. Alimdharau mgombea aliyekuja kuomba kura amevaa kanzu yenye mikunjo mipya ya dukani. Wanawake aliokuwa akishona nao makuti walisema ulimi wake ungeweza kuchana majani ya mnazi bila kisu. Naye akiambiwa hivyo hujibu, "Basi nileteeni, nisiumize vidole."

Vidole vyake kweli vilikuwa vimeota sugu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, mwembamba, na tangu asubuhi hadi alasiri kazi yake ilikuwa kukunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona, kuti baada ya kuti, ya kuezekea mikahawa ya Diani ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuketi ndani yake.

Dharau hiyo hakuzaliwa nayo. Utotoni alikuwa mtu wa kuamini kila aambiwalo. Ilimwingia baada ya kumzaa Hasina.

Hasina alikuwa mtoto mzuri wa sura, macho makubwa, nywele za kujikunja. Alipofika miaka mitatu bila kutamka neno wala kugeuka akiitwa, watu walianza kumletea Twaiba sababu kama wanaoleta vyakula vya matanga. Mmoja alisema ni jini la pwani. Mwingine alisema Twaiba alipokuwa mjamzito alimcheka mtu mwenye kilema. Shangazi ya mumewe aliagiza mtoto anyweshwe kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, siku saba, akanyweshwa, na siku ya nane shangazi akasema huenda kombe lenyewe lilikuwa hafifu. Mwishowe daktari mmoja alimtazama Hasina kwa muda mrefu akiwa chini sakafuni, akipanga vifuniko vya chupa, akasema, "Mama, hii inaitwa usonji." Twaiba hakuwahi kulisikia neno hilo. Alirudi nalo nyumbani, akamwambia mumewe.

"Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo," alisema Sefu.

"Na kwetu hakuna. Sasa yupo."

Sefu alivumilia mwaka mmoja na nusu. Kisha akaenda Wasini kufanya kazi ya kuwatembeza watalii, akaoa huko, akawa anapiga simu siku za Idi. Twaiba hakumlilia. Alisema mwanamume anayemkimbia mtoto wa miaka mitano kwa chombo chenye injini hastahili machozi.

Sasa Hasina alikuwa na miaka kumi. Maneno yake yalikuwa mawili, "maji" na "hapana." Alikula vyakula vyeupe tu. Kelele zilimuuma kama moto. Na alikuwa na mbio. Komeo la mlango wa uani Twaiba alilipachika juu kabisa, kwa sababu mara mbili mtoto huyo alikuwa ametoka, akashuka moja kwa moja hadi baharini, akaingia majini na nguo zake bila kutazama nyuma. Mara ya pili Twaiba alimfikia maji yakiwa yamemfika kifuani. Tangu siku hiyo hakuwa na saa hata moja ya mchana ambayo jicho lake moja halikuwa kwa mtoto.

Hivyo ndivyo alivyokuwa wakati watu wa Nairobi walipokuja na mashine yao.

Shirika lenyewe lilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo Twaiba hakujishughulisha kulikariri. Liliwaita wazazi kumi na wawili kwenye ukumbi mmoja Msambweni, wote wenye watoto wenye usonji. Msichana wa miaka ishirini na sita hivi, aliyejitambulisha kwa jina la Eunice, alisimama mbele na kompyuta. Hakuwaamkia shikamoo wazee waliokuwa humo. Alisema, "Sasa mamum na mababa, mko poa?" Twaiba akamfungia hesabu hapo hapo.

Eunice alieleza kwamba wazazi kama wao huchoka, huhuzunika na hukosa wa kuzungumza naye, na kwamba utafiti umeonyesha hivyo.

"Utafiti," alinong'ona Twaiba. "Wangeniuliza mimi."

Kwa hiyo, Eunice aliendelea, wameletewa rafiki. Rafiki huyo anakaa ndani ya simu, ni akili mnemba, anaandikiwa ujumbe kama anavyoandikiwa mtu, naye anajibu saa yoyote, kwa Kiswahili. Jina lake Mwandani.

Twaiba aliinua mkono. "Mwanangu, huyo Mwandani anakuja nyumbani?"

"Hapana mum, yuko kwa simu tu."

"Ana mikono?"

Ukumbi ulicheka. Eunice naye alicheka kidogo. "Hana mum. Lakini anakusikiza."

"Hata ukuta wangu unanisikiliza," alisema Twaiba. "Na hilo jina nalo mumelipima vizuri? Mkiongeza herufi mbili tu litakuwa mwanandani, na hiyo ni ya kaburini."

Hata hivyo aliwekewa. Alitia sahihi karatasi nne za Kizungu alizoonyeshwa mahali pa kutia, kama wenzake wote, akarudi Mwabungo na rafiki ndani ya simu.

Siku ya kwanza alimwandikia kwa sababu tu alitaka kuona upuuzi wake utafika wapi. Aliandika: "Mwanangu amemwaga unga wote na kuupaka ukutani. Nimechoka."

Jibu lilikuja kabla hajavuta pumzi, na mwanzoni mwake pana kikatuni cha uso unaotabasamu. "Pole sana mpendwa mzazi! Kuchoka ni jambo la kawaida. Hisia zako ni halali."

Twaiba alilisoma mara mbili. Kesho yake alilisomea kundi lote la washonaji makuti. "Halali!" alisema. "Hisia zangu zimekuwa mbuzi, zimechinjwa na kuelekezwa kibla. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nikichoka kwa haramu." Wanawake walicheka hadi mmoja akajichoma sindano.

Mwandani aliendelea kutoa ushauri, naye Twaiba aliendelea kuukusanya. Alimshauri atenge dakika kumi kila siku aoge maji ya moto. Kwa joto la Mwabungo, ambako hata maji ya mtungini yana uvuguvugu! Alimshauri amwombe mwenzi wake ashike zamu. Na siku moja, Twaiba alipoandika kwamba moyo unamwenda mbio, Mwandani alimwambia: "Funga macho. Fikiria uko ufukweni. Sikiliza mawimbi yakija na kuondoka."

Hilo halikumchekesha. Mawimbi alikuwa akiyasikia hapo hapo jikoni alipoketi, na kila yalipopiga yeye aligeuka kuutazama mlango. Alijibu, "Ufukweni ndiko nilikomtoa mwanangu majini, mjinga wewe." Mwandani akamshukuru kwa kumweleza.

Mkutano wa pili wa Msambweni ndipo alipokutana na Syovata. Tuseme kweli, Twaiba alimdharau hata yeye kwanza. Syovata alikuwa Mkamba, mnene, mwenye sauti kubwa, anayekaa ng'ambo ya barabara kuu kwenye mashamba ya watu waliotoka bara. Kiswahili chake kilikuwa kinakanyaga ngeli zote bila kuomba radhi. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na Twaiba, bila kuuliza kama kina mtu, pamoja na binti yake wa miaka kumi na minne aitwaye Kavita.

Kavita hakuwa kama Hasina. Kavita alikuwa na maneno kupita kiasi, ila yote yalikwenda njia moja. Alikuwa akitaja vituo vya reli ya zamani, kutoka Mombasa kupanda bara, bila kukosea: "Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road..." Babu yake alikuwa na kibanda cha chai Mackinnon Road, ndiko alikoyachukua majina hayo. Akifika Voi hurudi Mombasa na kuanza upya, kwa sauti ile ile tambarare.

Twaiba alikuwa akifungua kinywa aseme jambo kali, alipomwona Hasina. Hasina, ambaye ndani ya ukumbi wa watu hakukaa kitako hata dakika mbili, alikuwa ameketi chini kando ya Kavita, ameinamisha kichwa, anasikiliza vituo.

"Anaipenda gari moshi?" aliuliza Syovata.

"Hajapata kuliona."

"Huyu pia hajaona."

Walitazamana. Kisha Syovata akatoa simu yake. "Mama Hasina, wewe hii kitu inakuambia nini? Mimi juzi nimeiambia Kavita amenitemea uji kwa kanisa, mbele ya mchungaji. Soma."

Twaiba alisoma: "Wewe ni mzazi wa kipekee. Hakuna mzazi mwingine kama wewe. Jivunie!"

Akatoa simu yake mwenyewe, akapekua, akamwonyesha Syovata ujumbe wa siku nne kabla. "Wewe ni mzazi wa kipekee. Hakuna mzazi mwingine kama wewe. Jivunie!" Herufi kwa herufi, hata kile kikatuni.

Kicheko kilichowashika hakikuwa cha adabu. Syovata alijifunika uso kwa leso, mabega yakatetemeka. Twaiba alijiuma kiganja. Eunice alisimamisha maelezo yake mbele akauliza, "Mamum, kuna kitu mngependa kushea?" nao wakazidi.

Tangu siku hiyo walikuwa marafiki, na urafiki wao ulilishwa kwa matusi. Walishindana nani atamwambia Mwandani neno baya zaidi, kisha wakatumiana picha za majibu. Twaiba aliandika, "Wewe ni jongoo." Mwandani akajibu, "Asante kwa kunieleza hisia zako. Je, ungependa tuzungumze zaidi kuhusu jongoo?" Picha ile Syovata aliipokea akiwa sokoni Ukunda nyuma ya meza yake ya sukumawiki, akacheka hadi mteja akaondoka akidhani anachekwa yeye. Siku za Jumapili Twaiba alivuka barabara na Hasina, wakakaa kwenye kivuli chembamba cha nyumba ya Syovata, wakasomeana ya wiki nzima, huku vituo vya reli vikipanda na kushuka kando yao. Twaiba hakusema, lakini hakukuwa na siku nyingine aliyokuwa akiisubiri.

Kisha ikaja arusi ya jirani.

Spika zilifungwa tangu asubuhi, mbili, zimeelekezwa upande wa ua wa Twaiba kwa sababu upande wa pili palikuwa na jiko. Muziki ulipofunguliwa Hasina alijibana masikio, akalia, akaanza kujigonga kichwa ukutani. Twaiba alimfunga kwa kanga kifuani, akaweka mto baina ya kichwa na ukuta, akamshikilia. Mtoto wa miaka kumi ana nguvu. Alimuuma mama yake mkononi hadi damu ikatoka. Katikati ya adhuhuri Twaiba alipata upenyo wa kuchungulia uani na kumwomba mwenye arusi apunguze sauti.

"Arusi ni ya siku moja, mama Hasina," alisema yule mwanamke akiwa na sinia ya biriani mikononi. "Si umfungie ndani?"

"Yumo ndani," alisema Twaiba.

Muziki haukupunguzwa. Alasiri bwana arusi na watu wake walipoondoka kwenda upande wa biarusi, spika zikanyamaza, na Hasina akalala ghafla juu ya mkeka, uso umevimba kwa kulia. Twaiba aliketi kizingitini. Alimpigia Syovata, simu yake ilikuwa imezimwa. Akabaki nayo mkononi. Kisha, bila kujua kwa nini, akafungua kwa Mwandani, akaandika:

"Leo nimetamani asingezaliwa. Sikutamani afe. Nimetamani tu asingezaliwa, na mimi pia nisingezaliwa nikamzaa. Ameniuma mkono. Usinitabasamie."

Mwandani hakutabasamu. Aliandika: "Twaiba, Hasina yuko wapi sasa hivi? Yuko salama?"

"Kalala."

"Na wewe, unafikiria kujidhuru?"

"Hapana. Nimechoka tu, kuchoka kwa kweli."

"Nimekuamini. Mkono umeuosha pale alipokuuma?"

Hakuwa ameuosha. Damu ilikuwa imekauka mpaka kiwikoni.

"Uoshe kwa maji mengi na sabuni. Mimi nipo. Ukirudi niambie."

Twaiba, ambaye hakuwa akiwatii hata wakwe, aliinuka akauosha mkono. Alirudi akaandika, "Nimeuosha." Akaambiwa jeraha la meno ya mtu halipuuzwi, aende zahanati kesho. Akaulizwa kama kuna mtu mmoja, si wengi, anayeweza kuketi naye. Akaandika jina la Syovata. "Mwambie aje," alijibu Mwandani. "Si lazima umweleze yote. Na hayo uliyoyasema, wazazi wengi huyafikiri siku kama ya leo. Hayamaanishi humpendi."

Akatulia. Pumzi zikashuka. Akaegemea mlango akawatazama kuku wakigombania punje za biriani zilizomwagika. Na alipogundua kwamba ametulizwa, tena na kitu alichokiita jongoo, alijikasirikia vibaya sana. Aliona amejidhalilisha. Siku zote alikuwa akiwacheka wanawake wanaowaeleza wapiga ramli siri zao, naye kafanya nini? Kesho yake alikwenda zahanati, akamwambia Syovata kuhusu arusi na kuhusu jeraha. Kuhusu maneno yale hakumwambia mtu.

Wiki tatu zilipita. Eunice akampigia simu, sauti imechangamka.

"Mum Hasina! Wewe ndio champion wetu! Kwa wazazi wote kumi na wawili, hakuna mtu amechat na Mwandani kama wewe. Meseji zaidi ya mia sita!"

"Nyingi ni matusi, mwanangu."

"Kwa data yetu inaonekana ni mazungumzo. Wafadhili wanakuja Diani, tunataka ukuje."

Twaiba alikubali kwa sababu mbili. Alitaka kuona watu wanaoweza kusomewa matusi mia sita wakaona ni mafanikio. Na hoteli yenyewe ilikuwa imeezekwa kwa makuti yaliyoshonwa Mwabungo, naye alitamani kuyaona kwa chini.

Walikwenda wote wanne, yeye na Hasina, Syovata na Kavita. Waliketishwa safu ya nyuma. Twaiba alitazama juu, akaona mshono uliolegea mahali pawili, akawakumbuka walioushona na kuwadharau kimoyomoyo. Palikuwa na watu kama sitini, Wazungu kadhaa, wakubwa wa kaunti, watu wa mashirika mengine wenye vitambulisho shingoni, na meza ya sambusa nyuma. Mkubwa wa Eunice, mwanamume mwenye shati la kitani na viatu visivyo na soksi, alionyesha michoro ukutani. Mistari ilipanda. Alisema upweke umepungua kwa kiasi fulani katika mia. Twaiba alimwuliza Syovata kwa sauti ya chini waliupimia mizani gani.

"Lakini tusizungumzie namba tu," alisema mkubwa. "Tuisikie sauti ya mzazi."

Akabonyeza. Ukutani, kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha mtu, pakatokea: *Leo nimetamani asingezaliwa. Sikutamani afe.* Yote, hadi mwisho, na chini yake tafsiri ya Kizungu. Chini zaidi: Mama T., Mwabungo, mtoto wa kike, miaka 10.

Ukumbi ulitoa mguno wa huruma. Mwanamke mmoja alivua miwani akafuta macho. Mwingine alipiga picha kwa simu. Syovata alisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akageuka kumtazama Twaiba, na Twaiba akaona kwamba amejua. Alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo njiani. Wala mkubwa hakuwa amemaliza. Alisoma majibu ya Mwandani moja baada ya jingine kwa sauti ya mtu anayesoma mashairi, na alipofika "hayamaanishi humpendi," watu wakapiga makofi.

Hasina aliziba masikio akapiga ukelele.

Vichwa vyote viligeuka. Twaiba alimkumbatia mwanawe, akamkabidhi Syovata, akasimama.

"Shikamooni wakubwa," alisema. "Na wadogo marahaba, ingawa hamkuniamkia. Mama T. ni mimi. Huyu anayelia ndiye ambaye mmeambiwa nilitamani asingezaliwa. Mnaweza kumtazama vizuri, yuko hapa."

Hakuna aliyemtazama tena. Walitazama sahani zao.

"Mama," alisema mkubwa kwa upole wa kujifunza, "jina lako hatukulitaja."

"Baba, Mwabungo wanaishi watu, hawaishi kuku. Mwenye mtoto wa namna hii na jina la kuanzia T ni mimi peke yangu. Pale yuko mtu wa kaunti, dada yake ni jirani yangu. Jioni hii nitakuwa nimefika kijijini kabla sijafika."

"Ulitia sahihi ya kuturuhusu..."

"Kwa Kizungu. Karatasi nne. Nilionyeshwa kidole mahali pa kutia. Wewe ungenipa mimi siri yako nikaishone kwenye kuti, nikaipandishe juu ya paa la hoteli?" Alinyoosha mkono kuelekea ukutani. "Toa. Toa sasa, au nitasimama mbele yake mpaka Magharibi, na mimi ni mrefu."

Eunice ndiye aliyekimbia kwenye kompyuta. Ukuta ukawa wa buluu, mtupu.

Mzungu mmoja mzee alinong'onezwa tafsiri, kisha akauliza kwa mkalimani: kama hicho si msaada, mama angependa asaidiwe kwa kitu gani?

"Mtu," alisema Twaiba. "Mtu mwenye mikono. Saa mbili, mara mbili kwa wiki, akae na mtoto wangu mlango ukiwa wazi, nami niende popote bila kugeuka nyuma. Basi."

Walikuwa wakiandika! Watu wazima, wenye vyeo, wameinama kwenye daftari zao wakiandika neno "mtu" kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Twaiba aliwatazama hadi akatosheka, akamchukua mwanawe, akatoka. Syovata na Kavita walitoka naye, na njiani Syovata akachukua sambusa sita, akazifunga kwenye leso.

Walifika barabarani. Kisha Syovata akasema, akimtazama Kavita na si yeye, "Mimi niliombea hivyo kanisani. Mara nyingi. Kwa Kikamba, ndio mtu asisikie."

Twaiba alimshika mkono. Hakuwa mtu wa kushika watu mikono.

Hasira haikuisha kwa kutoka ukumbini. Alitaka maneno yake yafutwe, na alitaka hilo kwa maandishi. Lakini barua ya ofisi hakujua kuiandika, wala Syovata, na mtu wa kuwaandikia angelazimika kuelezwa yote.

"Tumwambie yeye," alisema Twaiba.

"Nani?"

"Huyu asiye na mikono. Anayajua tayari."

Akaandika: "Mabwana zako wamenitangaza hotelini. Niandikie barua ya kuwashtaki."

Mwandani alijibu kwamba yeye ni chombo cha shirika hilo hilo, na kwamba ni haki yake Twaiba kulijua hilo na kutafuta pia msaada mwingine. Lakini kuandika atamsaidia. Akauliza: lini, mbele ya nani, kilionyeshwa nini, na anataka kifanyike nini. Twaiba akajibu moja moja. Barua iliyotoka ilikuwa kavu kama mfupa. Haikuwa na pole wala mpendwa. Ilitaka maneno yafutwe kila mahali yalipowekwa, uthibitisho kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, na ridhaa mpya kwa Kiswahili kwa wazazi wote kumi na wawili, la sivyo malalamiko yatapelekwa kwa wanaosimamia taarifa za watu. Twaiba aliisoma yote, akafuta mahali palipoandikwa "kwa unyenyekevu," akaituma.

"Kwa mara ya kwanza amenifaa," alisema. "Na ni kwa kumsaliti tajiri wake."

Siku ya kumi na moja Eunice alikuja Mwabungo peke yake. Alisimama nje ya ua, akabisha hodi mara tatu, akasema shikamoo. Twaiba alimwitikia, akampa kigoda, akaendelea kushona. Barua aliyoileta ilikuwa na muhuri. Maneno yalikuwa yamefutwa, na mkubwa alikuwa ameomba radhi kwa mistari miwili.

"Mum, ni mimi niliyeichagua hiyo meseji," alisema Eunice. "Nilipoisoma nililia."

"Uliyalilia maneno yangu, kisha ukayachukua," alisema Twaiba. "Hata mwizi wa kuku humwonea kuku huruma."

Eunice alikaa nusu saa nzima akimpitishia fito bila kuombwa, na alizipitisha vibaya, naye Twaiba alimwambia hivyo.

Maneno yalikuwa yamekwishafika kijijini, kama alivyojua. Kwa siku kadhaa wanawake walinyamaza alipopita. Kisha mmoja wa washonaji makuti, mama wa watoto sita wenye afya zao, alimwambia kwa kunong'ona kwamba yeye aliwahi kuyatamani hayo hayo kwa wa nne. Twaiba alimwambia aache kunong'ona, ashone.

Mradi ulifungwa mwisho wa mwaka. Kuhusu yule mtu mwenye mikono, shirika liliahidi kulitazama jambo hilo katika awamu ijayo, na hiyo awamu haikuja. Twaiba na Syovata hawakuingoja. Walipatana wenyewe: Jumanne Kavita anakuja Mwabungo, Alhamisi Hasina anakwenda ng'ambo ya barabara. Siku nyingine mambo yaliharibika. Kavita alivunja birika, na Hasina alimaliza siku nzima bila kula kwa sababu Syovata alitia karoti kwenye wali. Lakini mapatano yalidumu.

Alhamisi ya kwanza Twaiba hakujua aende wapi na mikono mitupu. Alipanda matatu hadi Ukunda kwa sababu ilielekea huko. Akanunua maji ya miwa, akaketi kwenye benchi mbele ya duka la simu, mguu juu ya mguu. Watu walipita. Kijana mwenye suruali iliyochanika magoti. Mama aliyebeba mkoba mkubwa kuliko safari yake. Mtalii aliyeungua pua akiwa amevaa kikoi kinyume. Twaiba aliwatazama mmoja mmoja kutoka kichwani hadi miguuni, akawadharau wote, bila haraka, kwa muda wa saa mbili, na hakugeuka nyuma hata mara moja.